Bond mpya: Blofeld arudishwe, au aachwe alale?

#1 Darubini
Wakuu, habari zenu. Naomba tulijadili hili mapema, maana likishaamuliwa huko juu tutabaki kulalamika tu.

Tangu Februari 2025 Amazon MGM ndio wenye kauli ya mwisho juu ya James Bond. Watayarishaji wa siku nyingi, Barbara Broccoli na Michael G. Wilson, wamebaki wamiliki wenza, lakini usukani si wao tena. Mwongozaji ameshatajwa, Denis Villeneuve, na mwandishi ni Steven Knight. Bond wa Daniel Craig alikufa mwaka 2021, kwa hiyo wanaanza ukurasa mpya. Swali langu: Ernst Stavro Blofeld arudi?

Mimi nasema hapana, na nasema kwa uchungu, kwa sababu ndiye adui ninayempenda kuliko wote. Kila alipoletwa baada ya 1969 aliondoka akiwa amepungua. 1971 alitoroka kwenye kasino akiwa amevaa kike. 1981 alitupwa kwenye bomba la moshi kabla hata majina ya waigizaji hayajapita. 2015 aligeuzwa mtoto aliyelelewa nyumba moja na Bond. 2021 akafa gerezani katikati ya kisa cha mtu mwingine. Mtu unayemheshimu humfufui ili ukamzike vibaya mara ya tano.

#2 Kofia Nyeusi
Nimewahi siti ya mbele. Arudi! Bond bila SPECTRE, genge la Blofeld, ni polisi tu mwenye suti nzuri.

#3 Mama Wawili
Kofia Nyeusi, taratibu. Goldfinger ya 1964 haina SPECTRE kabisa na bado watu wengi wanaihesabu ndiyo bora. Casino Royale ya 2006 nayo, tulipoitazama hakuna aliyemtaja Blofeld. Le Chiffre alikuwa mtunza fedha wa magaidi anayetokwa damu jichoni na aliyepoteza fedha za wateja wake, basi. Adui mwenye hofu yake mwenyewe. Mimi na wanangu tuliitazama tukiwa tumeshikana mikono kwenye ile meza ya karata. Hatukuhitaji bwana mkubwa wa nyuma ya pazia.

#4 Kinyonga
Darubini, hoja yako ina mguu mmoja mbovu. Unasema "baada ya 1969", maana yake unakubali kwamba kabla ya hapo alikuwa mzuri. Basi tatizo si Blofeld, tatizo ni walichomfanyia baadaye. Tuulizane walikosea wapi.

Mimi naona walikosea walipotuonyesha sura yake. From Russia with Love ya 1963 na Thunderball ya 1965 tuliona mikono, paka mweupe na mgongo wa kiti. Kwenye orodha ya waigizaji wa ile ya 1963 waliweka alama ya kuuliza badala ya jina! Mwili ulikuwa wa Anthony Dawson, sauti ya Eric Pohlmann. Watumishi wake walikuwa wanatetemeka mbele ya mtu tusiyemwona, na sisi tukatetemeka nao. 1967 kiti kikageuka, tukamwona Donald Pleasence mwenye kovu. Kuanzia hapo alikuwa mtu kama watu wengine.

#5 Mzee wa Kanda
Kinyonga umenena, lakini usimdharau Pleasence. Ile ngome ndani ya volkeno aliyoijenga Ken Adam pale studio za Pinewood iligharimu kama dola milioni 1 za wakati ule. Filamu nzima ya Dr. No, miaka mitano nyuma, ilitengenezwa kwa kiasi kinachokaribiana na hicho! Sisi tuliokua na kanda za video tulikuwa tunairudisha nyuma ile sehemu ya paa linalofunguka mpaka kanda ikaanza kukwaruza. Mwanzoni walimpa kazi hiyo Jan Werich kutoka Czechoslovakia, wakaona anafanana na babu mpole, wakambadilisha. Pleasence akaingia mbio mbio na akaacha alama ambayo haijafutika. Leo mtu yeyote akichora adui mwenye kipara na paka, anamchora yeye.

#6 Chui Mweupe
Na hilo ndilo lililomuua. Austin Powers ya 1997. Mike Myers alivaa suti ileile ya kijivu, kovu lilelile, kipara, paka. Watu wakacheka miaka mitano mfululizo, filamu tatu. Baada ya hapo utamleta Blofeld vipi kwa uzito? Ndiyo maana 2015 Christoph Waltz, aliyemwigiza Blofeld, hakupewa kipara, na kovu alilipata mwishoni mwishoni. Waliogopa kuchekwa.

Kwa hiyo Kinyonga, sio sura. Ni kicheko.

#7 Kofia Nyeusi
Chui, kicheko kile kina umri. Kijana anayeingia ukumbini leo hajui Austin Powers ni nini. Utani ule umezeeka kuliko Blofeld mwenyewe.

#8 Msomaji wa Usiku
Ndugu zangu, mnajadili filamu peke yake. Rudini kwenye vitabu kidogo.

Blofeld wa Ian Fleming yupo katika riwaya tatu tu: Thunderball (1961), On Her Majesty's Secret Service (1963) na You Only Live Twice (1964). Amezaliwa Gdynia, Poland, tarehe 28 Mei 1908, siku na mwaka uleule aliozaliwa Fleming. Sidhani kama mwandishi anampa adui siku yake ya kuzaliwa kwa bahati mbaya. Na katika riwaya hizo anabadilika mwili kila mara: kitabu cha kwanza ni mtu mnene sana, cha pili amekonda na ametengenezwa uso. Yaani waigizaji tofauti si kosa, ndivyo alivyoumbwa. Hana sura ya kudumu. Paka hayupo vitabuni, huyo ni wa filamu.

Kitabu cha tatu ndicho wasichokithubutu. Bond amefiwa na mkewe, amevunjika, anatumwa Japani. Anamkuta Blofeld amejificha kwenye kasri, anajiita Dk. Shatterhand, amepanda bustani ya mimea ya sumu, na watu wanaotaka kujiua wanaingia wenyewe. Hatawali dunia, anavuna vifo. Bond anamnyonga kwa mikono yake. Filamu ya 1967 ilichukua jina, nchi na wahusika wachache tu, hadithi ikaandikwa upya na Roald Dahl.

Villeneuve akiipiga picha ile bustani kama ilivyoandikwa, mimi nitalala mlangoni kwa ukumbi.

#9 Sauti ya Nyuma
Msomaji, bustani ya sumu ilishatumika 2021. Kisiwa cha Safin, adui wa filamu hiyo, kina bustani hiyo. Na Bond alimkaba koo Blofeld gerezani, tena akafa, ingawa kilichomuua ni zile chembe za sumu Bond alizozipata alipomshika mkono mpenzi wake Madeleine. Wameshaichota riwaya ile vipande vipande. Kilichobaki ni ganda.

#10 Msomaji wa Usiku
Sauti, hapo ndipo panaponiuma. Bustani wakampa adui mwingine, koo wakambana mtu aliyefungwa minyororo. Kumkaba adui aliyefungwa na kumkaba adui ndani ya ngome yake ni mambo mawili. Riwaya inahusu kisasi cha mjane, na hicho hakijafanywa mpaka leo.

#11 Darubini
Ahsanteni kwa michango. Kinyonga, nimekusoma. Ila kama kosa limerudiwa na waandishi tofauti, waongozaji tofauti, kwa miaka kama hamsini, huoni kwamba kuna kitu ndani ya mhusika mwenyewe? Anayesababisha kila kitu mwisho hasababishi chochote. 2015 walituambia Le Chiffre, Greene na Silva, maadui wa filamu zilizotangulia, wote walikuwa vijana wake. Silva! Yule wa Skyfall ambaye chuki yake yote ilikuwa juu ya M, mkuu wa majasusi aliyemtelekeza, kumbe ana bosi? Walimchafua Javier Bardem kwa kurudi nyuma.

#12 Mama Wawili
Hapo Darubini nakuunga mkono kwa mikono miwili. Skyfall ilivuka dola bilioni 1 na haikuwa na SPECTRE hata kidogo. Spectre yenyewe, ile filamu ya 2015, ilipata kama milioni 880. Si haba, lakini jina kubwa halikuongeza kitu.

#13 Hakimu Mstaafu
Nimesoma kimya mpaka hapa. Mnazungumza kana kwamba waandishi walikaa wakaamua kumharibu. Sehemu kubwa ya historia ya Blofeld imeandikwa na mawakili, na bila kuijua mtawalaumu wasiohusika.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Fleming alikaa na Kevin McClory na Jack Whittingham wakaandika mswada wa filamu. Haikutengenezwa. Fleming akachukua kisa kile akakifanya riwaya ya Thunderball bila kuwataja wenzake. McClory akaenda mahakamani, 1963 akashinda, akapata haki za filamu za kisa hicho. Ndiyo maana katika Thunderball ya 1965 jina lake lipo kama mtayarishaji. Walikubaliana asiitengeneze upya kwa miaka kumi.

Miaka kumi ikaisha. Akina Broccoli wanaandaa The Spy Who Loved Me ya 1977, Blofeld yumo kwenye rasimu. McClory akaja juu. Blofeld akaondolewa, akaingizwa Stromberg, tajiri anayeishi chini ya bahari. Ukiijua habari hii ukaitazama tena ile filamu, utaona ni nguo iliyoshonewa mtu mwingine. Ndipo 1981 wakamtupa bomba la moshini yule mzee wa kiti cha magurudumu. Hakutajwa jina. Hawakuweza kulitaja. Ilikuwa namna ya kumwambia McClory kwamba tunaweza kuishi bila huyu mtu wako. Naye 1983 akajibu kwa Never Say Never Again, Sean Connery amerudi na Blofeld ni Max von Sydow mwenye ndevu, mwaka uleule wa Octopussy.

McClory alifariki 2006. Haki zikanunuliwa kutoka kwa warithi wake Novemba 2013. Miaka miwili baadaye tukapata Spectre. Angalieni huo muda: walipata ufunguo wakakimbilia mlango. Kwa maoni yangu Blofeld wa 2015 aliharibiwa na pupa, wala si na kipara au sura au kicheko. Mtu aliyenyimwa kitu tangu miaka ya sabini hakipiki vizuri siku anayokipata.

Sasa pupa imeisha. Kwa mara ya kwanza wanaweza kumtumia au kumwacha kwa hiari. Kwa hiyo mimi nasema arudi.

#14 Chui Mweupe
Nimejifunza leo. Asante mkuu.

#15 Msomaji wa Usiku
Hakimu, shikamoo kwa darasa. Marekebisho madogo: kesi ya 1963 haikufika hukumu. Walimalizana katikati ya kesi, na Fleming alikuwa mgonjwa wa moyo wakati huo. Alifariki Agosti 1964. Matoleo ya baadaye ya riwaya yakawekwa maelezo kwamba inatokana na mswada wa watu watatu.

#16 Hakimu Mstaafu
Sawa kabisa, walipatana. Matokeo ni yaleyale: haki za filamu zilikwenda kwa McClory.

#17 Mzee wa Kanda
Nataka kumtetea mmoja ambaye mnamruka. Telly Savalas, 1969. Blofeld wa On Her Majesty's Secret Service anateleza kwenye theluji, anavuta sigara, anapigana kwa mikono juu ya kigari kinachoporomoka kwenye barafu. Ana mpango wa kuua uzazi wa mazao na mifugo, na anachodai ni msamaha na cheo cha ukabaila! Anataka kuitwa Comte de Bleuchamp. Jambazi anayetamani heshima. Hicho ni kitu cha binadamu kabisa, na kinatisha zaidi ya makombora.

Kisha mwisho ule. Harusi imeisha, Bond na Tracy wamesimamisha gari kuondoa maua, Blofeld anapita na kummiminia risasi bibi harusi. Nilikuwa kijana, nilizima televisheni nikakaa. Sikujua filamu ya Bond inaweza kukufanyia hivyo.

#18 Kinyonga
Aliyefyatua ni Irma Bunt, mzee wangu. Blofeld alikuwa anaendesha.

#19 Mzee wa Kanda
Haya, Bunt alifyatua. Aliyempeleka pale ni nani?

#20 Sauti ya Nyuma
Nami nina swali la siku nyingi. Kwa nini 1969 Blofeld hamtambui Bond aliyejifanya mtaalamu wa nasaba, wakati 1967 walionana ana kwa ana kule Japani? Miwani tu na sketi ya Kiskoti?

#21 Msomaji wa Usiku
Kwa sababu filamu ziligeuza mpangilio. Kitabu cha harusi kinatangulia, cha Japani kinafuata. Filamu zilianza na Japani. Filamu ya 1969 ilifuata kitabu kwa uaminifu, na kitabuni hawajawahi kuonana.

#22 Kofia Nyeusi
Au kwa sababu Bond mwenyewe alikuwa na sura mpya, George Lazenby. Na Blofeld naye sura mpya. Wote wawili hawajuani, haki sawa.

#23 Kinyonga
Kofia, hiyo nimeipenda hahaha. Na 1971 ndipo walipovuka mpaka: Charles Gray alikuwa rafiki wa Bond kwenye filamu ya 1967, jina lake Henderson, akachomwa kisu mgongoni. Miaka minne baadaye huyo huyo ni Blofeld mwenye nywele za fedha.

#24 Mama Wawili
Turudi kwenye mada jamani. Mnasema arudi, lakini hamsemi arudi kwa njia gani. Mimi natoa mfano wa adui aliyerudishwa vizuri, na yumo humuhumu kwenye Bond: Mr. White. 2006 ni mtu wa pembeni, anaingia, anampiga Le Chiffre risasi, anaondoka. 2008 anakaa kwenye kiti cha mahojiano anawacheka kwamba wana watu kila mahali. 2015 Bond anamkuta kibandani Austria amekonda, sumu imemmaliza, anamlinda binti yake. Jesper Christensen yuleyule mara zote tatu. Kila alipokuja alikuwa na kitu kipya cha kutuonyesha, na hakuna aliyetuambia yeye ndiye chanzo cha kila kitu.

#25 Chui Mweupe
Mama Wawili umeua. White ana dakika chache kuliko wote na nilimwonea huruma kuliko wote.

Nje ya Bond kuna Solomon Lane wa Mission: Impossible. 2015 aliwekwa kwenye sanduku la kioo akiwa hai. 2018 akarudi ana ndevu na chuki. Sean Harris aliongea kwa kunong'ona tu. Somo ni rahisi: usimuue filamu ya kwanza.

#26 Kofia Nyeusi
Na Jaws je? Richard Kiel, meno ya chuma, 1977 na 1979. Huyo ndiye adui aliyerudi watu wakashangilia.

#27 Darubini
Jaws ni mbabe wa kutumwa, si adui mkuu. Tena 1979 walimpa mchumba akageuka mtu mwema. Unathibitisha hoja yangu: wakirudi, wanalainishwa.

#28 Kofia Nyeusi
Mchumba wa Jaws usimguse kabisa. Pale ndipo Moonraker ina moyo.

#29 Hakimu Mstaafu
Mnasahau kwa nini SPECTRE iliwekwa kwenye filamu. Katika riwaya za mwanzo maadui ni SMERSH, watu wa Urusi ya Kisovieti. Watengenezaji waliona heri genge lisilo na taifa, ili filamu isifungwe na siasa za mwaka mmoja. Dr. No kwenye riwaya anafanya kazi na Warusi, kwenye filamu ya 1962 ni mtu wa SPECTRE, na anasema wazi kwamba Mashariki na Magharibi kwake ni sawa.

Hiyo sababu bado ipo, tena ina nguvu zaidi sasa. Filamu inauzwa dunia nzima. Ukimfanya adui awe wa nchi fulani, umepoteza soko la nchi hiyo na pengine umemtukana jirani yako wa kiti. Genge lisilo na bendera linabaki kuwa jibu rahisi. Kwa hiyo nadhani Blofeld atarudi hata sisi tukikataa, kwa sababu za biashara.

#30 Sauti ya Nyuma
Sikubaliani. Leo genge lisilo na bendera halihitaji jina la SPECTRE wala pete ya pweza. Wapo matajiri wa teknolojia, majeshi ya kukodi, wauza taarifa za watu. Elliot Carver wa Tomorrow Never Dies alikuwa mwenye vyombo vya habari anayetengeneza vita ili auze habari. Ilikuwa 1997, na inatazamika leo kama imetoka jana. Mpeni Knight nafasi ya kuumba mtu mpya wa namna hiyo. Fleming mwenyewe hakuanza na Blofeld, alimfikia kwenye kitabu cha tisa.

#31 Kinyonga
Kitabu cha tisa, kweli? Thunderball ni ya nane kwa riwaya.

#32 Msomaji wa Usiku
Mmoja anahesabu na kile cha hadithi fupi cha 1960, mwingine hakihesabu. Endeleeni.

#33 Mama Wawili
Nami nataka tuseme wazi kuhusu ule undugu wa 2015. Mimi sikuuchukia kwa sababu ya kupindisha hadithi. Niliuchukia kwa sababu ulimfanya Bond awe sababu. Mtu amejenga genge la dunia nzima kwa wivu wa baba aliyempenda mtoto mwingine. Wote waliokufa tangu 2006, Vesper, Mathis, M, wamekufa kwa ugomvi wa watoto wawili? Kifo cha Vesper, mpenzi wa Bond, kwangu kilikuwa kikubwa kuliko hivyo.

#34 Kofia Nyeusi
Undugu ule waliubuni tu hewani.

#35 Msomaji wa Usiku
Hapana, Kofia. Oberhauser, jina la ukoo alilopewa Blofeld kwenye filamu ya 2015, yupo kwa Fleming. Hannes Oberhauser ametajwa kwenye hadithi fupi ya Octopussy, ndiye aliyemfundisha Bond kuteleza kwenye theluji na alikuwa kama baba kwake. Aliuawa kwa ajili ya dhahabu. Walichobuni ni kumpa mtoto na kumfanya mtoto huyo awe Blofeld. Mbegu ni ya kweli, mche ndio wa kupandikiza.

#36 Darubini
Mama Wawili umesema kile nilichoshindwa kukisema vizuri kule juu. Bond ni mtumishi. Anatumwa, anakwenda. Adui wake anapaswa awe hamjui. Wakikutana, ni kazi imewakutanisha. Nikiahidiwa hivyo, pengine nitalegeza kidogo. Kidogo tu.

#37 Kinyonga
Haya basi, nakupa masharti tuone kama utakataa. Filamu ya kwanza Blofeld asitajwe hata jina. Kuwe na adui kamili, mwenye mpango wake, afe au ashindwe kwa haki. Ya pili tusikie sauti tu, kwa dakika moja, akimwadhibu mtu wake aliyeshindwa. Bond asijue. Sisi tujue. Ya tatu ndipo. Na undugu marufuku.

#38 Chui Mweupe
Paka awepo?

#39 Kinyonga
Paka asiwepo. Mkono tu.

#40 Mzee wa Kanda
Bila paka mimi sitazami.

#41 Hakimu Mstaafu
Kinyonga, mpango wako unahitaji filamu tatu za mtu mvumilivu. Studio iliyolipa zaidi ya dola bilioni 8 kuinunua MGM itakuwa na subira hiyo? Hapo ndipo nina mashaka. Kumbukeni pia riwaya za Fleming zinatoka kwenye ulinzi wa hakimiliki Uingereza mwaka 2035, miaka sabini baada ya kifo chake. Ninavyowajua wafanyabiashara, watataka kutumia majina makubwa kabla ya hapo.

#42 Darubini
Basi wataharakisha, na tutarudi palepale pa 2015. Kinyonga, masharti yako nayakubali yote isipokuwa la tatu. Sauti ibaki sauti. Asionekane kamwe, filamu zote.

#43 Mama Wawili
Asionekane kamwe na Bond akamshinda vipi?

#44 Darubini
Asimshinde.

#45 Sauti ya Nyuma
Hapo umenigusa. Ila uzito wote utakuwa kwenye koo la mtu mmoja. Nimemsikiliza tena Pohlmann jana usiku: hapandishi sauti hata pale anapoamuru mtu auawe. Mnampendekeza nani?